Nilivyolipwa Kuwa Mteja Mbaya

Vijana wangu, mukinikuta njiani munaniita Mama Seva na kuchekea pembeni. Chekeni tu, meno ni yenu. Ila nikiwaambia kazi niliyofanya miaka yote ile kule Karavia, mtaa wa Lubumbashi, hakuna anayeniamini: nililipwa kuwa mteja mbaya. Asubuhi naoga, nafunga kitenge changu cha heshima, namuaga mume wangu, naenda kusumbua mashine. Jioni narudi nimechoka kwa kusumbua. Mume wangu alisema kazi hiyo nilizaliwa nayo. Nilimwacha aseme, maana bukari, ugali wetu, ilikuwa motoni.

Binti yangu ameniomba niandike Kiswahili cha shule ili hata watu wa mbali waelewe. Nitajaribu. Lakini watu wakisema, nitawaacha waseme vile tunavyosema Lubumbashi. Nikimfanya Papa Anaclet aongee kama katekisimu, atafufuka anitukane.

Huyo Papa Anaclet ndiye aliyenifundisha. Alikuwa fundi wa telegrafu ya reli, mtu wa Katanga ya kaskazini, na baba yake naye alikuwa wa reli. Mimi nilikuwa mama wa simu kwenye kampuni ya machimbo: unapiga, nakuuliza unamtaka nani, nachomeka waya. Halafu mambo yakaanguka. Treni zikasimama, na mimi siku moja nilifika kazini nikakuta mlango umefungwa kwa mnyororo na mlinzi amekaa chini. "Mama Vero," aliniambia, "rudia ku nyumba. Kazi ilikufa." Nilirudi kwetu Annexe, pembezoni mwa mji, nikashika jembe, nikalima mahindi nikilia.

Hivyo ndivyo, kazi zetu zote mbili zikiwa zimekufa, mzee wa telegrafu na mama wa simu walivyokutana katika nyumba moja ya Karavia yenye sahani ya setilaiti uani, jenereta nyuma ya jiko, na seva moja ndani ya chumba cha kulala. Iliwekwa humo kwa sababu ndicho chumba pekee chenye nondo madirishani.

Ninyi hamukuwa mumezaliwa, kwa hiyo nieleze. Vita ilikuwa imekata nchi vipande viwili. Barua haikuvuka, simu haikuvuka. Ukikamatwa na karatasi kutoka upande wa pili unaitwa mpelelezi, na sitaki kukumbuka waliofanyiwa hivyo. Basi chama kimoja cha familia na parokia kilianzisha seva yetu. Mtu wa kule anaketi kwenye mashine ya parokia, anaandika barua, inapanda kwa setilaiti, inashuka kwetu, tunaichapa, tunaitia ndani ya bahasha, mwenyewe anakuja kuichukua. Yote yalipita kwa mlango wa kufuli. Mashine mbili zinasalimiana kwanza, seva inaonyesha cheti chake, yaani kitambulisho, zinapatana ufunguo, ndipo barua inapita imefungwa. Askari akiidaka njiani anaona takataka tupu. Lakini salamu ikiharibika, hakuna barua.

Hizo salamu zilizoharibika ndizo zilikuwa mkate wangu.

"Vero," Papa Anaclet aliniambia siku ya kwanza, "seva ni sawa vile muntu wa ku mulango. Kliyan eko anakuya na mambo yake. Bengine balevi, bengine bubu, bengine beko na haraka. Weye utakuwa bote."

Aligeuza kalenda ya zamani akaandika nyuma yake majina ya hao kliyan, yaani wateja, mashine zinazogonga kwa seva. Mlevi ni mteja anayesalimia kwa maneno yasiyoeleweka. Mwenye Haraka anakata waya katikati ya salamu. Mshamba anakuja kwenye mlango wa kufuli akiongea wazi wazi bila kufuli. Bubu anaingia halafu hasemi kitu. Na Shemeji, huyo anarudi mara mia kuuliza jambo lilelile. Nilikuwa nawacheza wote kwa zamu, na kila mara tunaandika seva ilijibu nini, ilichukua muda gani, na kama wateja wengine waliumia. Ninyi leo munaandika programu inayowacheza hao wote wakati munakunywa chai. Mimi waya niliuchomoa kwa mkono huu.

Nilikosea sana, musidhani. Siku moja niliingiza Bubu ishirini kwa mpigo, nikaenda kula sombe yangu, yaani kisamvu, kwa jirani. Nilikuta seva imekaa inawangojea wote kwa adabu, na mtu mwenye barua ya kweli hana nafasi. Nikaona dawa ni rahisi: asiyesema kwa sekunde tano, afukuzwe. Kumbe setilaiti ni ya polepole, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Papa Anaclet alipoangalia daftari la seva, yaani ule mstari kwa mstari inaoandika yenyewe, alipiga meza karanga zikaruka. "Weye uko unafukuza bantu mbele bafungule kinywa!" Tangu siku hiyo kila kipimo cha muda tulikipima wakati wa mvua. Andikeni hilo, litawafaa hata leo: musipime subira ya seva kwa waya mzuri wa ofisini.

Hasira yake ilikuwa ya dakika moja. Ya pili anakusogezea karanga.

Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa, ambalo kwa miaka sikutaka kulisimulia.

Mkubwa wetu wa kazi aliogopa kwamba kuna watu wanatikisa kufuli ili waingie. Papa Anaclet alikuwa amelala na malaria wiki hiyo. Nikaamua peke yangu. Niliweka sheria: anwani yoyote ambayo salamu yake itaharibika mara tatu, seva iifungie mlango mpaka kesho yake. Niliijaribu kwa Mlevi, kwa Mshamba, kwa Shemeji, ikafanya kazi vizuri sana nikajipigia makofi. Halafu nikaandika kikaratasi cha mashauri kwa parokia zote, nikakituma kwa njia ileile ya barua, na ndani yake neno moja kwa herufi kubwa: mashine ikikuuliza kama unakubali cheti chenye mashaka, KATAA. Maana mtu angeweza kujifanya sisi. Hilo lilikuwa shauri jema, na leo hii ningelirudia.

Vilevile niliamuru daftari la seva lisituonyeshe tena mistari ya "kosa la mteja". Ilikuwa mingi na ilinichosha macho. Kosa ni la mteja, mimi linanihusu nini?

Kulikuwa na mama mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa jumla, maharagwe na mafuta ya mawese, malori kwa malori. Vita ilimkuta huku Lubumbashi, na binti yake wa kwanza, Masika, alibaki kule na nyanya yake, anasomea uuguzi. Kwa hiyo sote tulimwita Mama Masika. Mwanzoni barua ya binti ilikuja kila wiki, na mama alikuwa anaisomea hapohapo kwenye benchi letu, anacheka peke yake. Halafu barua zikakoma.

Alikuja kila Jumatatu na kila Alhamisi, siku ya kwanza na siku ya ine kwa lugha yetu. Hakukosa. Anaketi, anapangusa jasho, anauliza, "Mama Vero, kuiko kintu?" Nami, "Hapana, Mama Masika, tungoje." Siku moja nilitaka kumchangamsha, nikamwambia, "Mutoto ni kijana, labda eko na muchumba, anakusahau kidogo." Alinicheka kwa huruma. "Masika? Ule mutoto ukimutuma chumvi, anarudia na chumvi na chenji. Hawezi kunisahau." Nilimpenda sana yule mama, na nilimwambia upuuzi ule kwa upendo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwezi wa nne wa kimya akafika dereva aliyezunguka nchi tatu mpaka akaingia kwa upande wa Zambia. Alisema shule ya uuguzi ilichomwa. Wasichana wengine walikufa, wengine walikimbia, na yeye hakumwona Masika. Jumatatu iliyofuata Mama Masika hakuketi kwenye benchi. Alisimama mlangoni, kitambaa cheusi kichwani.

"Sikuye kuuliza barua," alisema. "Nakuya kubaalika. Siku ya posho tunaweka kilio. Tutalilia Masika."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Zilibaki siku tano.

Papa Anaclet aliinuka polepole. "Mama, nani alimuona amekufa?"

"Hakuna, Papa. Lakini hakuna pia mwenye kumuona muzima. Mutoto wa kuniandikia kila wiki, anyamaze miezi ine? Bakubwa ba kanisa na bantu ba kwetu balishaamua. Na miye nilishachoka kungoja."

Alipoondoka mzee alinigeukia. "Parokia ya kwabo, inafikaka ku seva?"

"Haifiki," nikasema. "Ni makosa ya kliyan tu."

"Makosa gani?"

Sikujua. Na mzee akaona kwamba sijui.

Hakupiga meza safari hiyo, na afadhali angepiga. Aliketi akanisimulia habari ya kituo kimoja cha reli kilichonyamaza wiki nzima. Wakubwa mjini waliandika kwamba mtumishi ametoroka kazi. Yeye akapanda kigari cha njia ya reli kwenda kuangalia. Alimkuta mtumishi yule kwenye kiti chake, amekonda, anapiga telegrafu kila saa kama alivyofundishwa, waya umekatika mbele kidogo kwenye daraja. "Alikuwa anajibu, Vero. Ni sisi bale hatukukuwa tunasikia." Kisha akasema, "Fungula daftari."

Nilifungua. Mungu wangu! Kila siku iliyopita, kwenye saa mbili asubuhi, anwani ya parokia ile ilikuwa imeandikwa mara tatu: mteja amekataa cheti. Mara tatu, halafu mlango umefungwa mpaka kesho. Kesho yake, saa mbili, mara tatu tena. Kurasa na kurasa. Mwizi haji hivyo, kila siku saa ileile, anajaribu kwa adabu na kurudi nyumbani. Na watu wote wa mji ule walitumia anwani hiyohiyo moja, kwa hiyo nilipomfungia mmoja niliwafungia wote.

Lakini kazi ni kazi. Kwa nini mtu wa parokia ile akatae cheti chetu? Parokia zingine zilikikubali bila shida. Niliondoa ile sheria ya mara tatu papo hapo, na Jumanne saa mbili tukaangalia: aligonga mara tatu, akakataa mara tatu, akaenda. Kumbe hata mlango ukiwa wazi, haingii. Siku nzima nilijaribu kwa mashine ya mkubwa wetu, cheti kikapita kila mara. Papa Anaclet akachungulia begani. "Weye unajaribu na masini ya mukubwa. Bale beko na masini gani?"

Mashine za parokia zilikuwa mitumba iliyoletwa kutoka Ubelgiji, na moja ya mzigo ule ilikuwa imebaki kwetu, mimi nimeiwekea kitambaa na sufuria la maua juu. Jumatano tuliishusha, tukaipangusa, nikaweka saa yake sawa, nikagonga mlango wa seva. Ikapita bila shida! Nilitaka kulia. Papa Anaclet akaniambia nile kwanza, nitalia nikishashiba.

Tulipokuwa tunakula, umeme ulikatika. Kila siku unakatika, hatukustuka hata kidogo. Jenereta ikawashwa, nikawasha ile mashine kuukuu tena, nikagonga. Ikanigeukia na swali: cheti hiki kina mashaka, unakubali? Nikatazama saa yake. Tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka na miaka, kabla hata ya mimi kuolewa. Ndani yake kuna betri ndogo ya duara, sisi tunaiita pile, ya kutunza saa umeme ukizimwa, na pile ile ilikufa zamani. Cheti kina tarehe yake ya kuanza, na kwa mashine hiyo chetu kilikuwa hakijazaliwa bado.

Na kule wanawasha jenereta asubuhi tu, kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Kila asubuhi saa ya mashine inaanza upya. Zamani yule aliyekuwa anaitumia alikuwa anabonyeza "kubali" bila kusoma, na barua zikapita. Halafu kikafika kikaratasi changu. Nilinyanyua macho, nakala yake ilikuwa imebandikwa ukutani mbele yangu: KATAA. Huko mbali kulikuwa na mtu mtiifu ambaye aliamini kila neno nililoandika, na kwa sababu hiyo alifungiwa mlango miezi minne.

Mkubwa aliposikia alisema, "Toa kufuli, bapite, kisha tutaona." Papa Anaclet alikataa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Barua bila kufuli askari atasoma majina, na kesho hakuna atakayeandika tena. Walibishana nami nikawaza. Kuwaambia wakubali cheti chochote ni hatari. Kuwaandikia, hatuna njia. Kuwapigia redio, redio zote zilinyang'anywa. Lakini kabla ya kufika kwenye mlango wa kufuli, kila mteja alipita kwenye mlango wa mbele usio na kufuli, ambao ulikuwa unamsukuma ndani bila neno. Kwa nini usiseme neno? Tarehe ya leo si siri ya mtu. Askari akiisoma, atajua tu leo ni siku gani.

Alhamisi yote tuliandika ukurasa wa kuwekwa kwenye mlango ule. Herufi kubwa, Kiswahili chepesi: Leo ni siku hii, saa hii. Saa ya mashine yako ikiwa tofauti, itengeneze hivi na hivi, kisha ingia. Mashine ikikuuliza tena kuhusu cheti, kataa. Barua usiandike hapa. Tukaingiza Mlevi, Bubu, Mwenye Haraka, wote. Seva ikasimama imara. Na mistari ya makosa nikairudisha mbele ya macho yangu, isifichwe tena hata mmoja.

Ijumaa saa mbili tuliketi bila kupumua. Akagonga. Ukurasa ukasomwa. Halafu kimya. Dakika kumi, kumi na tano. "Anatengeneza saa," Papa Anaclet alinong'ona, kana kwamba yule wa kule angesikia. Kisha mstari mmoja: salamu imekamilika. Tulirukaruka kama watoto, mzee yule na mgongo wake. Barua zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, za miezi minne, na printa yetu ya polepole inakohoa. Nilisoma majina yote ya bahasha. Ya bibi mmoja, ya mwalimu, ya mtu na mdogo wake. Saa nne jenereta yao ilizimwa. Ya Masika haikuwepo.

Nilizipanga zile bahasha upya mara mbili. Hazikubadilika.

Jumamosi Papa Anaclet alitangulia kwenye kilio. "Nitabaambia bangoje kidogo," alisema, lakini uso wake haukuwa na matumaini. Mimi nilibaki na seva. Saa mbili na dakika chache salamu ikakamilika, na barua ya kwanza kushuka ilikuwa na jina nililolitafuta. Nilimpigia mkubwa kelele mpaka akaacha chai yake, akanipakia kwenye pikapu yake, tukaenda mbio hadi kwenye parsele, yaani uwanja wa nyumba, ya Mama Masika. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wimbo umeshaanza. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mti, mafungu ya unga yamepangwa. Mama Masika alikaa katikati, miguu imenyooshwa, hana machozi.

Nilipiga magoti, nikamwekea karatasi mapajani. Aliangalia, macho yakakataa. "Soma," akasema.

Nikasoma. "Mama yangu, miye Masika. Niko muzima. Shule iliungua, nilikimbilia ku parokia, banipatia kazi ya masini juu ya bidii yangu. Kila asubuhi nagonga kwa Lubumbashi, masini inaniuliza, nakatala sawa vile banatuandikia. Jana mulango ulifunguka. Nilipitisha kwanza barua za bengine, juu balingoja sana, kisha grupe ya umeme ikazima. Usinikasirikie, Mama."

Yowe lililotoka hapo sijapata kulisikia tena. Wanawake walisimama, wengine walianguka, Papa Anaclet alikuwa analia wazi wazi mbele za watu. Mama Masika peke yake hakusogea.

"Banatuandikia," alirudia. "Nani aliandika akatale?"

Ningeweza kusema "chama". Hakuna ambaye angejua.

"Ni miye, Mama," nikasema. "Na mulango, ni miye niliufunga. Kila siku alikuwa anagonga, na miye nilificha ile mistari nisiione."

Mama Masika alichukua karatasi mkononi mwangu.

"Kila siku ya kwanza na kila siku ya ine nilikuya kwako," alisema. "Uliniambia eko na muchumba."

"Ndiyo, Mama."

Alinipiga kofi. La nguvu, la mkono wa mtu aliyebeba magunia, kitambaa changu cha kichwa kikaruka. Hakuna aliyenisogelea, na sikutaka mtu asogee. Halafu mkono uleule ulinishika shingoni, akanivuta mpaka kichwa changu kikamfika kifuani, na hapo ndipo machozi yake yalipotoka, yote, yakanilowesha nywele.

Alipopata sauti alinisukuma nikae sawa kwenye mkeka, akaniwekea karatasi mkononi.

"Soma tena," akasema. "Polepole."

Nikasoma tena, shavu likiniwaka moto.